Kambo wetu wa jeshi la maji: namna ya kutunza habari za muzee

Batu wa Lubumbashi bakisikia kambo, ni kusema babu yetu, alikuwaka askari wa jeshi la maji banauliza maji gani, ju hapa kwetu tunajua migodi na mavumbi ya kiangazi tu. Najibu: Kalemie. Alitumika Force Navale ku ziwa Tanganyika wakati wa Zaire, ile kazi alijivunia mpaka siku ya mwisho, na tangu tumuzike marafiki bananiuliza tulifanya aje kupata habari zake mingi hivi.

Kwanza, usimuambie muzee "tuelezee maisha yako". Atakupatia grade, mwaka wa kuingia, mwaka wa pansioni, kisha ananyamaza. Muulize kazi yenyewe. Sisi tulimuuliza usiku ziwani munajuaje mashua ya muvuvi na ya magendo, hapo njo alifunguka! Akasema bavuvi wa ndakala, zile samaki ndogo, banawasha taa ili samaki zipande juu, usiku wa giza ziwa linajaa taa, mwezi ukiwa munene hawatoki sana, sasa ukiona mashua inapita katikati ya zile taa na yenyewe haina taa, fuata ile. Akaeleza na upepo wa kusini wa kiangazi unavyoinua mawimbi mpaka askari mupya anatapika na kulia arudishwe nchi kavu, na ile ziwa, pale inashuka kupita pote, inafika karibu metre 1.470. Kambo aliheshimu maji sana. Mimi namukumbuka na ile heshima kupita medali zote.

Pili, na hii naona inapita yote: kilio. Askari wenzake bazee banakuja siku ya kwanza, banakaa pamoja chini ya hema, kisha kila mutu anarudi kwake na pengine hamutaonana tena. Tafuta kijana mumoja mutulivu, asiwekwe ku kazi ya viti wala ya kupokea wageni, akae tu karibu yao, aombe ruhusa, awashe telefone irekodi. Kwetu njo tulisikia kambo alikuwa anafunga kamba macho imefungwa na kufundisha bapya mpaka bajue, na kwamba chakula yake alikuwa anagawia wale wenye kuugua mawimbi, mambo yenye hakutuambiaka hata siku moja.

Makaratasi nayo inataka akili. Mwaka 1972 Mobutu alikataza majina ya kikristu, kwa hiyo muzee mumoja anaweza kuwa na jina ingine mu karatasi ya mbele ya ule mwaka na ingine mu ya nyuma yake. Kalemie mbele ilikuwa Albertville, Lubumbashi Elisabethville, na inchi ilikuwa Zaire kuanzia 1971 mpaka 1997. Andika majina yote mu kaye moja, ju mujane akifuata pansioni ataulizwa kama ule mutu wa karatasi mbili ni mumoja.

Foto: andika nyuma nani ni nani kwa kalamu ya mti, polepole, bila kukandamiza, ju wino wa biki unapenya mpaka mbele.

Tena maneno ya siku ya maziko, tafazali, musome Kiswahili. Mara mingi banasoma Kifaransa tupu, grade na tarehe, na bamama bakubwa wenye walipika na kufua miaka yote wanakaa pale hawashike kitu. Sisi tulisoma Kiswahili chetu cha hapa, na kambo mwanamuke akasimama katikati kutusahihisha jina la mashua, kisha akaendelea yeye mwenyewe, namna alikuwa anangojea ku kivuko na batoto mugongoni, wimbo gani bwana yake alikuwa anaimba akishuka, na pasta akafunga kitabu yake akamuacha aseme.