Sukari na saratani: yule profesa hakusema mama yako aache ugali

Mkuu, umeuliza kama ni kweli kuna profesa wa Marekani aliyethibitisha kwamba sukari ndiyo chakula cha saratani, na kama mama yako mwenye saratani ya titi aache kabisa ugali, wali na matunda. Anayetajwa kwenye klipu uliyotumiwa ni Lewis Cantley. Kazi zake nilizisoma sana nikiwa uzamili wa baiokemia, na hii habari ya kuacha wanga ilishaingia hadi nyumbani kwetu, kwa hiyo nivumilie nikirefusha.

Cantley na wenzake ndio waliogundua kimeng'enya kiitwacho PI3K, miaka ya 1980. Mwaka 1988 walionyesha kwamba kinabandika fosfeti kwenye nafasi ya tatu ya mafuta fulani ya utando wa seli, nafasi ambayo haikuwa ikitarajiwa. Insulini ikibisha hodi kwenye seli, PI3K ndicho kinachopeleka habari ndani: pokea glukosi, kua, usife. Kwenye saratani nyingi, za titi zikiwemo, jeni ya kimeng'enya hiki imeharibika, basi habari inapelekwa hata kama hakuna aliyebisha.

Hili nimelifanya kwa mikono yangu. Seli za saratani ya titi unazilaza njaa, yaani unaziondolea seramu, majimaji ya damu yanayozilisha, usiku kucha. Asubuhi unazidondoshea insulini, unasubiri dakika 10, unazivunja, kisha unapima kama imewashwa protini ya AKT, ile inayopokea habari kutoka kwa PI3K ndani ya seli. Kwenye filamu ya picha, ambapo AKT iliyowashwa huonekana kama mstari, zilizolala njaa zilinipa mstari hafifu, unautafuta kwa kuinamisha karatasi kwenye mwanga. Zilizopata insulini, mstari mweusi tii! Na glukosi kwenye visahani vyote ilikuwa ileile. Kilichotofautiana ni insulini tu.

Sasa njoo kwenye dawa. Mwaka 2019 Marekani iliidhinisha alpelisib, inayozuia PI3K, kwa saratani ya titi ya aina fulani yenye hitilafu kwenye jeni hiyo. Tatizo ni kwamba dawa haichagui: inazima PI3K cha ini na cha misuli pia. Sukari inapanda kwenye damu, kongosho linashtuka na kumwaga insulini, na insulini hiyo inakwenda kuwasha upya kwenye uvimbe kilekile ulichotaka kuzima. Mwaka 2018 kundi la Cantley liliwapa panya dawa za namna hii pamoja na lishe ya keto, yaani mafuta mengi na wanga kidogo sana, ili insulini isipande, na dawa zikafanya kazi vizuri zaidi. Hapo ndipo klipu inapokatia. Haisemi kwamba panya wenye saratani ya damu waliopewa keto peke yake, bila dawa, ugonjwa wao ulikwenda mbio zaidi.

Shangazi yangu alianza kemo, yaani dawa kali za kuua seli za saratani, jirani akamwambia aibanie saratani njaa. Akabaki na mboga za majani na maji ya ndimu. Sisi tulidhani anakula, kumbe tukigeuka ugali anamsogezea mjukuu. Mzunguko wa tatu ulipofika kilo 9 zimeondoka, damu iko chini, kemo ikaahirishwa. Saratani haikulala njaa, aliyelala njaa ni shangazi. Mwili ukinyimwa wanga, ini linatengeneza glukosi lenyewe, hata kwa kuyeyusha misuli. Tulimrudisha taratibu: uji wa ulezi, dagaa, mayai, ugali wa kiasi, parachichi. Akamaliza dozi zote.

Soda siitetei. Kundi hilohilo mwaka 2019 liliwanywesha panya wenye hitilafu ya jeni inayoleta vivimbe vya utumbo sukari ya maji ya mahindi, ile inayotiwa kwenye soda za Marekani, kiasi kidogo tu kila siku, na vivimbe vya utumbo vikakua zaidi hata bila panya kunenepa. Ni panya, sawa, lakini mimi soda nilipunguza. Embe na soda, hata hivyo, si ndugu.

Kwa hiyo mama asifute chakula kabla ya kuongea na daktari wake, hasa kama ana kisukari. Tuambie yuko kwenye dawa gani, na uzito wake wa mwezi uliopita na wa sasa ukoje.