Mbegu za Indonesia zitafaa konde linaloingia bahari?

SWALI: Assalaamu alaykum bwanashamba. Nina konde la mpunga Mtambwe, Pemba, limepakana na mikoko. Siku hizi kila bamvua bahari inaingia mpaka ndani. Miche inaungua ncha, na inayopona inatoa mashuke matupu. Nimesikia Indonesia wanalima ardhi ya kupwa na kujaa kwa mbegu za Inpara. Nikizipata zitanifaa?

JIBU: Wa alaykumu ssalaam ndugu yangu. Kwa konde lako, sidhani. Katika mabonde ya Kalimantan na Sumatra, huko Indonesia, bahari ikijaa huyarudisha nyuma maji ya mito, kwa hiyo yanayofurika shambani mara nyingi ni maji baridi. Shida yao kubwa ni tindikali, chuma kilichozidi kwenye udongo, na mpunga kuzama. Inpara 5, kwa mfano, ni mbegu ya mpunga IR64 iliyotiwa jeni ya Sub1, ya kustahimili kuzama; huvumilia kuzama kama wiki mbili. Kuvumilia chumvi ni habari nyingine kabisa.

Mpunga huanza kupunguza mavuno chumvi ya udongo ikipita desisimensi 3 kwa mita, kipimo cha chumvi. Bahari ina kama 50. Hakuna mbegu ya kusimama humo, hata Pokkali ya Kerala, India, ambayo watafiti huitumia kuzalisha mbegu za kuhimili chumvi. Wenyewe Kerala huipanda Juni, mvua zikishaosha mashamba, wakavuna Oktoba; kisha huachia maji ya chumvi yaingie wakafuga kamba. Hilo ndilo la kuiga, kuosha.

Kwa hiyo anza na tuta. Lipite kimo cha bamvua kubwa za Machi na Septemba. Takataka zilizonasa kwenye mikoko zitakuonesha maji yalifika wapi. Mkondoni weka mlango wa ubao unaoning'inia upande wa bahari: maji yakijaa yanaubana, yakipwa maji ya mvua yanausukuma na kutoka. Udongo wa tuta usiuchimbe mikokoni. Utaibomoa ngao yako, na udongo ule ukikauka hugeuka tindikali kali.

Masika yakianza, kinga maji ya mvua kondeni, vuruga tope, mwaga maji, urudie mara mbili tatu kabla ya kupanda. Kitalu kiatike juu, pasipo chumvi, maana mche mchanga ndio dhaifu zaidi. Pandikiza wa siku 30 hadi 35, mitatu au minne kila shina. Udhaifu wa pili ni wakati wa kuchanua, na mashuke yako matupu huenda yanatokana na hapo. Siku hizo konde lisikaukiwe maji ya mvua.

Mbegu sasa. Bara zipo SATO 1 na SATO 9, zilizotolewa kwa ardhi ya chumvi. Waulize watafiti wa kilimo wa Kizimbani, Unguja, kabla ya kuagiza chochote. Najua nyumbani watataka harufu ya Supa. Basi Supa ibaki kwenye majaruba ya juu, hizi uzijaribu jaruba moja la chini, tuta likishasimama.