Kabla hujanunua Impreza yenye "moto", soma yaliyonikuta Isongole

Juzi usiku kijana mmoja wa Makambako kaniandikia: "Shikamoo kaka. Nimepata Subaru Impreza WRX, tabo imeongezwa presha, egzosi imefunguliwa, ina moto balaa. Mwenye nayo anataka hela wiki hii. Nichukue?" (Tabo ni ile feni inayosukumia injini hewa ya ziada ili ipate nguvu.)

Sikulala vizuri. "Ina moto balaa" ndiyo maneno niliyoambiwa mimi mwaka 2019, nikatoa milioni tisa na nusu nilizodunduliza miaka mitatu.

Mimi si fundi wa cheti. Ni mwalimu wa hesabu hapa Mbeya, gereji yangu ni banda la mabati nyuma ya nyumba, na spana nimezijua kwa kufungua na kufunga. Lakini Jumamosi iliyopita nimetoka Kyela hadi Uyole bila kusimama, mshale wa joto haukusogea hata unene wa ukucha. Ni gari lilelile watu wazima waliloniambia nikauze kwa wanunua vyuma chakavu. Kwa hiyo naongea kwa kifua.

Wiki ya pili baada ya kulinunua nilishuka Kyela kufuata mchele. Kurudi ndiyo kazi: unaondoka kwenye joto la Ziwa Nyasa, chini kabisa, na kabla hujashukia Uyole barabara imeshapita mita 2,000. Nilipita Tukuyu, nikapita Kiwira, ukungu umelala kwenye migomba. Nikakanyaga. Mlio ulianzia chini, ko, ko, ko, kama mtu anabisha hodi kwenye sakafu ya gari. Taa ya oili ikawaka. Hapo ndipo nilipotakiwa kuzima. Sikuzima. Niliona aibu kuegesha gari la namna ile huku daladala zinanipita, nikaenda kama kilomita mbili zaidi. Isongole injini ikanoki, ikakwama kabisa. Mama mmoja muuza viazi alinisogezea kigoda karibu na moto wake, nikamwambia ndaga fijo, asante sana kwa Kinyakyusa, nikakaa pale hadi saa mbili usiku nikisubiri gari la kunivuta.

Nilipofungua sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, oili haikufika lita mbili. Injini ile inabeba lita nne na ushee. Chini kulikuwa na vipande vya beringi za konrodi vimesagika, vinametameta kama magamba ya dagaa. Kwenye rejeta maji matupu, mekundu kwa kutu. Thamostati, ile valvu inayozuia maji yasiende rejeta hadi injini ipate joto, hakuna, ilishang'olewa. Nilimpigia aliyeniuzia, mtu niliyekuwa namwita kaka. Akanijibu, "Si ulilikagua mwenyewe?" Akakata simu. Hela nimeshazisahau, jibu lile bado.

Miezi ya kutafuta spea, kuchonga krankishafti na kukopa naiacha.

Sasa sikiliza, mdogo wangu. WRX ya Japani ya 2001 ilitoka kiwandani na nguvu za farasi 250. Hizo zinakutosha. Tena huku kwetu si Dar. Mbeya mjini ni kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi. Injini isiyo na tabo inapoteza nguvu waziwazi. Yenye tabo inajitahidi kufidia, lakini tabo inazunguka kwa kasi zaidi, hewa inayoingia inakuwa ya moto zaidi. Na maji ya wazi huku yanachemka kwenye nyuzi kama 94, hayafiki 100. Mfuniko wa rejeta ndio unaobana presha ili maji yasichemke mapema. Ndiyo maana mfuniko uliolegea, ambao pwani ungekuvumilia, mlimani unakuchemshia gari.

Mimi nilianza na kupoza: rejeta mpya, mfuniko mpya, kulanti (maji maalumu ya kupozea injini) badala ya maji matupu, kisha kutoa hewa yote kwenye mfumo, maana Subaru ikibaki na hewa inachemsha hata kama rejeta imejaa. Thamostati nikairudisha. Fundi akikwambia aitoe ili gari lipoe, mkatalie. Asubuhi ya Juni hapa injini haitapata joto lake, itakunywa petroli, na petroli ile itashuka kwenye oili. Halafu mkanda wa taimingi, kwa sababu ukikatika valvu zinagongana. Halafu breki na shokapu. Presha ya tabo niliirudisha ya kiwandani na sijaigusa tena.

Na oili. Chomoa kijiti cha kupimia oili kila unapojaza mafuta, gari likiwa limesimama sehemu tambarare. Kila unapojaza. Nimelisema mara ngapi kwenye makala zangu na bado vijana wananitumia picha za egzosi! Mnapenda mlio, hampendi injini. Unaweka rimu za milioni moja juu ya pedi za breki zilizokwisha, halafu unashuka mlima Kitonga na abiria waliokuamini. Mtu akikuamini akapanda gari lako, una deni kwake hadi ashuke.

Kwa hiyo wa Makambako, hela usitoe wiki hii. Mwambie mwenye gari kuna mtu anakuja Jumamosi kulikagua. Nitapanda basi la alfajiri. Asiliwashe kabla sijafika, nataka nilikute injini ya baridi, nichomoe kijiti mwenyewe, nifungue rejeta, ndipo nisikilize linavyowaka. Akikataa, umeshapata jibu lako na hukulilipia.