Saa 2 usiku si 02:00

Wadogo zangu mlioanza kwenye mradi wa damu na majeraha ya kichwa, jana nimepitia fomu za wiki hii. Mbili zina saa ya kuumia inayolingana kabisa na saa ya kufika mapokezi. Mgonjwa ametoka Chunya, ameangukaje mlangoni kwetu? Sikuwagombeza, maana nawapenda na najua zamu zilivyo. Ila nimelala vibaya, ndiyo maana naandika.

1. Kabla ya kufunga mkono ili kutoa damu, uliza ameumia saa ngapi. Muulize aliyemleta, kisha piga simu kituo kilichotoa rufaa. Tunapima protini zinazovuja kwenye damu ubongo ukiumia, kama S100B, UCH-L1, GFAP na NfL, na kila protini ina mwendo wake. S100B hupanda na kushuka upesi, ndiyo maana mwongozo wa Skandinavia wa 2013 uliitaka damu ndani ya saa 6. UCH-L1 nayo ina haraka. GFAP hufika kileleni karibu na saa ya 20, na NfL huendelea kupanda kwa siku na wiki. Bila saa ya kuumia, majibu ya maabara ni tarakimu tu.

Haya niliyajua kwa kumuumiza mtu. Mwaka wangu wa kwanza kazini, mwezi wa sita, aliletwa kijana wa bodaboda aliyeteleza kwenye ukungu wa Kiwira. Fomu ya rufaa ilisema, kwa kalamu ya bluu: "ameanguka saa 2:00 usiku." Tableti yetu ilitaka saa za mfumo wa 24. Nilikuwa nimekesha, vidole vimekufa ganzi kwa baridi, nikaandika 02:00. Damu nilichukua 07:30. Tableti ikahesabu saa 5 na nusu, tuko ndani ya muda. Kumbe alianguka 20:00, na saa 11 na nusu zilikuwa zimepita. S100B ikatoka chini ya kikomo cha 0.10, kana kwamba ubongo ni salama, kumbe huenda ilishashuka, na mimi nikafurahi.

Kosa la tableti lingesahihishwa. La mdomo wangu halikusahihishika. Mama yake alikuwa kwenye korido, kitenge kimelowa hadi magotini, ameshika chupa ya chai ambayo hakuna aliyeinywa. Akaniuliza, "Mwanangu, atarudi kuwa mtu?" Nikamjibu, "Mama, damu inaonyesha ubongo haukuumia sana." GCS ya kijana, yaani alama za fahamu, ilikuwa 11 kati ya 15. Kipimo cha S100B kiliwekwa kusaidia kuamua kama mwenye jeraha dogo apigwe picha ya CT ya kichwa au la. Hata kama saa ingekuwa sahihi, sikuwa na ruhusa ya kukigeuza utabiri.

Miezi 6 baadaye nikapiga simu ya GOSE, maswali ya kupima mgonjwa amerudi kiasi gani kwenye maisha yake, kuanzia 1 (amekufa) hadi 8 (amepona vizuri). Nikamwamkia mama, nikauliza kama kijana anaweza kubaki peke yake nyumbani kwa saa 8. Akasema hapana, juzi amepika ugali akaondoka, jiko likabaki linawaka, na kila asubuhi anamtafuta baba yake aliyekwisha kufa. Nikauliza kuhusu kliniki ya mazoezi. "Hatukurudi, mwanangu. Si ulisema damu iko sawa?" Niliweka 3, ulemavu mkubwa. Kalamu ilibaki juu ya ile tarakimu muda mrefu, na mama akawa anaita, "Haloo? Upo?"

2. Seramu, yaani majimaji ya damu, ikiwa ya pinki, usipime NSE, protini nyingine ya ubongo. Chembe nyekundu zimejaa NSE, zikipasuka unapima sindano yako mbaya. Omba damu nyingine.

3. Andika kila jeraha. Paja lililovunjika nalo humwaga S100B.

4. Umri, mboni na GCS, hasa mwitikio wa viungo, viandikwe kabla ya damu. Mifumo ya CRASH na IMPACT, ya kutabiri hali ya mgonjwa wa kichwa, imesimama juu ya hivyo, na damu inaongezewa hapo. Matokeo ya 2022 ya TRACK-TBI, utafiti mkubwa wa Marekani wa majeraha ya ubongo, yalionyesha kwamba GFAP na UCH-L1 za siku ya kwanza hutabiri vizuri kifo na ulemavu mkubwa wa miezi 6, lakini hutabiri vibaya nani hatapona kikamilifu. Yaani swali la akina mama wa korido, "atarudi kama zamani?", ndilo hasa damu inalolijibu vibaya. Mama akikuuliza, mkalishe, mwambie damu hii ni ya utafiti, umpeleke kwa daktari wa wodi, kisha umwandikie tarehe ya kliniki ya mazoezi kwenye karatasi aondoke nayo.

Zile fomu mbili nimeziacha juu ya friza. Namba za vituo vya rufaa zimebandikwa ukutani. Zipigwe simu leo kabla ya saa nne asubuhi, na kwenye tableti saa nne hiyo huandikwa 10:00.