Usikimbilie kusawazisha vipimo

Wengi wanaoanza upimaji ardhi wana haraka ya kufika kwenye kompyuta. Ingiza pembe, ingiza umbali, bonyeza, umbo limefunga (mstari wa mwisho umerudi penye nukta ya kwanza), kazi kwisha. Shida ni kwamba programu hufunga karibu chochote utakachoipa. Hesabu za kusawazisha, yaani kugawa hitilafu kwenye vipimo ili umbo lifunge, zimetengenezwa kwa ajili ya hitilafu za nasibu, zile ndogondogo zinazozidi hapa na kupungua pale. Ukiingiza upande mmoja uliokosewa mita nzima, mita hiyo itagawanywa kwa pande zote, hata zile ulizozipima vizuri.

Kwa hiyo anza na karatasi. Trevasi, yaani msururu wa pande zilizopimwa urefu na pembe, ikiwa imefungwa yenye pande 5 inatakiwa kuwa na jumla ya pembe za ndani nyuzi 540. Ukipata 540°00′40″, na kiwango kinachoruhusiwa kwa kazi hiyo kinakubali, punguza sekunde 8 kila pembe, usonge mbele. Ziada ikiwa dakika nzima nzima, usigawe kitu, tafuta kosa. Halafu kokotoa pengo la kufunga, yaani umbali kati ya nukta ulikoanzia na ulikoishia kwa hesabu, na uangalie limeelekea wapi. Pengo la karibu mita 1 kamili, sambamba na upande mmojawapo, linakuambia upande wa kurudi kupima. Pande mbili zikiwa sambamba, basi pima zote mbili.

Wageni wengi hawajui kwamba kufunga si ushahidi wa kutosha. Futi ya chuma ya mita 30 hurefuka takriban milimita 3.5 joto likipanda nyuzi 10 za Selsiasi. Usiporekebisha, kwenye mzunguko wa mita 900 umekosea zaidi ya sentimita 10, na bado umbo litafunga vizuri, kwa sababu kila upande umepungua kwa uwiano uleule. Mzunguko unaorudi kwenye bikoni (alama ya kudumu ya upimaji) ulikoanzia hauna namna ya kukuonyesha hilo. Anzia bikoni moja inayojulikana, uishie nyingine, tena usisahau kuhakiki thamani ya prizma (sahihisho la umbali kwa ajili ya kioo kinachorudisha mwanga) iliyowekwa kwenye mashine ya kupimia kabla ya kusoma umbali wowote.

Pande fupi nazo ziogope. Mashine ikikaa milimita 2 kando ya alama, pembe ya kuelekea nukta iliyo umbali wa mita 20 inaweza kukosea sekunde 20 hivi; kwa mita 200 ni sekunde 2 tu. Ndiyo maana ukitumia njia ya miraba midogo kabisa (kusawazisha kunakofanya jumla ya miraba ya mabaki iwe ndogo kabisa), usizipe pembe zote uzito sawa, yaani usiziamini kwa kiwango kimoja. Kanuni ya Bowditch, inayogawa pengo kwa uwiano wa urefu wa pande, ni rahisi na kwa kazi ndogo inatosha, ila haitakuuliza kila pembe inastahili uzito gani.

Ukimaliza kusawazisha, soma mabaki ya kila kipimo, yaani tofauti kati ya ulichopima na thamani iliyosawazishwa. Baki linalozidi mara 3 ya mkengeuko sanifu (kipimo cha mtawanyiko wa kawaida wa hitilafu) lirudishe kwenye kitabu cha uwandani kabla hujakiondoa kipimo chake. Huenda mlisoma 36 mkaandika 63. Ndiyo maana namba iliyokosewa hukatwa kwa mstari mmoja, haifutwi kwa raba.