Hesabu ya mtazamaji mmoja: kwa wanaoanza kazi ya video mubashara

Ninyi mnaoingia katika kazi ya kurusha video mubashara, anzeni na hesabu ambayo mimi nilichelewa kuielewa. Mnara wa televisheni hauongezi gharama watazamaji wakiongezeka, ilhali kwenye intaneti kila mtazamaji hupelekewa nakala yake. Video ya kilobiti 500 kwa sekunde ikitazamwa na watu 1,000 inahitaji megabiti 500 kwa sekunde, na wakifika 10,000 ni gigabiti 5 kwa sekunde, hata kama hakuna aliyelipa. Nilipokuwa mgeni nilikodolea macho idadi ya watazamaji pembeni mwa skrini, nikishangilia ikipanda, mpaka picha ikaganda mbele ya wote.

Hesabu hiyo ndiyo iliyozielemea tovuti za mwanzo. Mwaka 2007 Justin Kan alivaa kamera kwenye kofia mjini San Francisco, akaonyesha maisha yake usiku na mchana kupitia Justin.tv, na kabla mwaka haujaisha tovuti hiyo ikawaruhusu wengine kufungua chaneli zao. Watu walifurika, lakini wengi walifuata mechi na mapambano yaliyorushwa bila idhini, na umati wa namna hiyo ni mzigo: wafanyabiashara wanasita kuweka matangazo yao hapo, wenye hakimiliki wanakwenda mahakamani, kama UFC, kampuni ya mapambano ya ngumi na mieleka mseto, ilivyoishtaki Justin.tv mwaka 2011, na gharama za seva hazisubiri.

Kwa hiyo msitazame jumla pekee. Chunguzeni ni akina nani wanaorudi kesho. Waanzilishi wa Justin.tv waliwaona mashabiki wa michezo ya video, wakawatengea tovuti yao, Twitch, mwaka 2011, na Agosti 2014, mwezi uleule Justin.tv ilipofungwa, Amazon ikakubali kuinunua Twitch kwa takribani dola milioni 970. Ustream, tovuti nyingine ya video mubashara, iligeukia wateja wa makampuni, ikanunuliwa na IBM mwaka 2016.

Meerkat, programu ya simu ya kurusha video mubashara, kwa maoni yangu ilijenga kwenye kiwanja cha mwenzake. Ilivuma mapema mwaka 2015 kwa kutegemea mtandao wa marafiki wa Twitter, ambayo Machi mwaka huohuo iliufunga mlango huo na kuleta programu yake ya namna hiyohiyo, Periscope.

Hifadhini pia rekodi zenu wenyewe. Justin.tv ilifuta kumbukumbu za video za watumiaji wake wiki chache tu kabla ya kufungwa, na asiyekuwa na nakala kwenye diski yake hakuwa na pa kuzifuata.