Ruta ya laini nyumbani: anza na simu zenu

Tangu tuweke ruta ya laini (kisanduku kinachotiwa laini ya simu na kusambaza waifai) hapa kwetu Chuno, Mtwara, majirani huniuliza swali lile lile: mbona bando nikiliunga kwenye simu linanifikisha Jumapili, nikiliunga kwenye ruta Jumatano limekwisha? Wengi hudhani kuna mtu kaiba nenosiri. Mara nyingi mlaji ni simu zao wenyewe.

Simu ikikamata waifai huamini imefika penye intaneti isiyopimwa. WhatsApp usiyoigusa mipangilio yake, ukiwa kwenye data hujipakulia picha tu. Kwenye waifai inashusha kila kitu, hadi video za magrupu ya harusi ambazo hutazifungua. Play Store husubiri waifai ndipo isasishe programu. Google Photos nayo, kama umeiruhusu kuhifadhi nakala, ndipo inapopandisha picha zako. Kompyuta ya Windows usiseme.

Kwa hiyo shika simu moja baada ya nyingine, ya mama, ya watoto, ya mgeni anayelala. Kwenye Android fungua mipangilio ya waifai, gusa jina la ruta yenu, uchague ihesabiwe kuwa mtandao unaopima data. iPhone ina hali ya kupunguza data, na Windows 10 na 11 zina kitufe cha namna hiyo. Ukimaliza, ingia WhatsApp uzime upakuaji wa video kwenye waifai. Kwetu hili peke yake ndilo lililofanya bando litoshe, na ndiyo maana nalisisitiza kuliko mengine yote. Wenye televisheni ya intaneti, shusheni ubora wa picha hadi 480p, maana saa moja ya 1080p inaweza kumeza zaidi ya GB 1.

Mahali pa kuiweka ruta nako kuna maana. Nyumba zetu ni tofali za saruji na bati, na bati hurudisha mawimbi. Itoe nyuma ya televisheni, iweke juu dirishani upande wa mnara. Kisha fungua ukurasa wa ruta (anwani yake imebandikwa chini yake) utazame RSRP, yaani nguvu ya mawimbi ya mnara yanayoifikia ruta. Ikisoma -85 uko vizuri. Ikikaribia -110 jaribu dirisha jingine. Ndani ya nyumba tumia waifai ya masafa ya 2.4 GHz, inapenya kuta kuliko ya 5 GHz.

Mtoto wa jirani akija barazani kupakua maswali ya mitihani, mimi simnyimi. Ila nimemfungulia mtandao wa wageni wenye nenosiri lake na kasi iliyopunguzwa, la kwetu halitoki.

Na kama una ruta ya zamani isiyo na tundu la laini, usiitupe. Angalia kama ina hali ya WISP: itadaka hotspoti ya simu yako na kuisambaza nyumba nzima, simu ikiwa dirishani kwenye chaji.